Kiti cha Nyuma cha Mama Yusta

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla sponji haijaanza kuletwa kwa marobota na kabla ya gundi ya kopo. Nimekubali. Tangu nistaafu mikono imekosa kazi, nimeanza kufumua mito ya nyumbani ambayo haina kosa lolote, na wajukuu wamelalamika. Tena nimemsikia mmoja wenu, jina simtaji, akisema kwamba sisi wa zamani tulikuwa tunajaza majani tu kwenye viti vya watu. Hatukujaza majani tu.

Niliingia kazini mwaka uliofuata uhuru. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nimerudi kwa mama yangu na mali yangu ilikuwa cherehani ya mkono. Mzee Mrisho, mjomba wake mama, alikuwa na karakana hapahapa Mtendeni, Tabora, chumba kimoja kilichoelekea barabarani na ua wa nyuma wa kufanyia kazi chafu. Alikuwa akishona makochi na viti vya magari. Cherehani yake ikaharibika, akatuma mtu aje kuazima yangu. Nilijibu kwamba cherehani haitoki bila mwenyewe. Kwa hiyo mimi sikuajiriwa. Iliajiriwa cherehani, nami nikaambatana nayo. Majirani walisema mwanamke hatakaa mwezi kwenye vumbi lile.

Siku ya kwanza Mzee Mrisho aliniwekea mbele kiti cha Landrova kilichochanika, akanipa koleo na bisibisi, akaniambia nikifumue. Nilichukua wembe. Alininyang'anya wembe, akaenda kuufungia kabatini. Ndipo nilipojifunza kwamba kiti cha zamani hakichanwi. Unang'oa misumari midogo mmoja mmoja, unatoa ngozi ya nje kwanza, kisha kitambaa cha ndani, kisha ujazo, kisha gunia, mpaka ufike kwenye springi, na kila kipande unakilaza chini kwa mpangilio uliokikuta nao. Ile ngozi kuukuu ndiyo itakayokupa kipimo cha mpya. Ujazo utakwambia mwenye gari anaegemea upande gani. Nilimaliza siku nzima nikifumua kiti kimoja, vidole vimenivimba, na jioni mzee akasema kesho nije mapema zaidi. Nilitembea kwenda nyumbani kama mtu aliyepewa cheo.

Vifaa vyetu vingi tulijitengenezea. Sindano ya kupinda, ile ya kushonea pembeni pasipofikika, tuliitengeneza kwa spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha na kutobolewa tundu. Sindano ndefu ya kupenyeza kutoka upande huu hadi ule ilitoka kwenye mbavu za mwavuli. Uzi wa katani tuliusugua nta ya nyuki ili usikatike na usinywe maji. Nta hiyo ilitoka misitu ya magharibi, ikija kwa treni ikiwa imeviringwa kwenye magome. Ujazo ulikuwa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, kwa mgongo na makumbi ya nazi kwa makalio, maana sufi ikikaliwa sana inalala na haiamki.

Mzee Mrisho hakuwa msemaji, ila akianza kumzungumzia baba yake hakunyamaza. Baba yake alikuwa akishona matandiko ya punda kwa misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji, na alishona machela pia. Wengi wenu hamjaiona machela. Ni kitambaa kigumu kinachoning'inizwa kwenye mti mrefu, wapagazi wanaubeba mabegani mbele na nyuma, na mgonjwa analala katikati. Mzee alisema baba yake alilazimishwa kusafiri na machela zake, akitembea nyuma ya wapagazi na kusikia kila mgonjwa anavyolia, ndiyo maana alijifunza haraka. Kutoka kwake tulirithi kanuni mbili. Ya kwanza, mwenye maumivu asikalie mfupa. Uzito wake uende kwenye mapaja. Ya pili, mgonjwa usimpime akiwa amejikalisha vizuri kwa heshima ya mgeni. Mchungulie anapokaa akiwa hajui kwamba anaangaliwa.

Miaka ya Ujamaa ilipokolea, vifaa viliadimika. Rekzini, ile ngozi ya bandia ya viti, ilikuwa ikisikika tu kwamba imefika mahali fulani. Mafundi tukaunganishwa kwenye ushirika, tukamchagua mwenyekiti fundi wa mabati, mtu mwema aliyeamini kwamba kila kitu duniani, hata kochi, kinaweza kuunganishwa kwa risasi ya kuchomelea. Tulishona viti kwa turubai, kwa magunia yaliyofuliwa, kwa mapazia ya ofisi. Sikumbuki kurudisha kazi hata moja kwa kukosa kitambaa, na hilo najivunia mpaka leo.

Siasa ilikuwa ya kujitegemea, na watu wakajitegemea mpaka kwenye viti vya magari. Kila mwenye gari kuukuu alidhani anaweza kukishona kiti chake mwenyewe nyumbani. Bwana mmoja wa Puge alijaza kiti chake pamba ya shambani, haijachambuliwa, mbegu na vyote. Kilikuwa kiti kizuri hadi panya walipoijua habari ile. Alikuja kwetu na gari, na panya wakashuka kwanza.

Ndiyo maana Mzee Leonardi alipoingia karakana na kusema hataki tumshonee kiti, anataka tumfundishe akishone mwenyewe, mafundi wenzangu waliinamia kazi zao ili asione wanavyocheka.

Alikuwa mzee mrefu, Mkatoliki wa Usinge, kule kwenye misitu ya magharibi, aliyewahi kuwa dereva wa bwana misitu enzi za mkoloni. Bwana misitu alipoondoka, Leonardi alibaki na gari lake, Pijo 403 rangi ya maziwa, gari ambalo hata siku hizo lilikuwa la kizee. Sasa alikuwa mfuga nyuki. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamuuliza kwa nini asituachie sisi hiyo kazi. Akanieleza.

Mkewe, Mama Yusta, alikuwa ameumia ndani ya gari lile. Leonardi alikuwa anaendesha kwa kasi, kuna korongo hakuliona, kiti cha nyuma kilikuwa kimekufa springi, na mama yule alirushwa juu akaangukia chuma. Nyonga ilivunjika ikaunga vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo na aliapa kutoingia tena kwenye Pijo ile. Treni ilikuwepo, lakini alipojaribu kupanda ngazi zake alishindwa, na stesheni ya Usinge treni haikusubiri mtu. Sasa binti yao Yusta alikuwa anaweka nadhiri za utawa Tabora. Alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki hai. Mama alikuwa amesema hataenda.

"Aliumia kwa mkono wangu," Mzee Leonardi aliniambia. "Kiti nikikishona kwa mkono wangu, labda atakaa."

Sikucheka tena. Nilimfundisha. Alifikia kwa ndugu zake hapa mjini siku kadhaa, kila asubuhi anafika karakana kabla yangu. Mkono wake ulikuwa mzito lakini wenye subira, na kwa kazi yetu subira ni zaidi ya nusu. Alirudi Usinge amebeba sindano zetu, sufi na gunia la makumbi, nami nikajisemea kwamba huyu ataweza.

Na kweli aliweza, tatizo lilikuja baadaye. Nilimwambia asugue nta kwenye uzi. Yeye alikuwa na nta tele na aliogopa mchwa, basi akaisugua kwenye uzi, akaisugua kwenye gunia, akaipaka kwenye chuma chote cha chini, kisha akapaka na ubao ulioziba uvungu wa kiti. Mfuga nyuki yeyote wa Usinge anajua kwamba mzinga mpya unasuguliwa nta ndani ili nyuki waupende. Mzee Leonardi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Sijui siku ile akili ilikwenda wapi. Kiti cha nyuma cha Pijo kina uvungu mkubwa, una giza na joto. Aliegesha gari karibu na msitu, dirisha wazi ili harufu itoke, na harufu ikatoka. Kundi zima la nyuki likaja likahamia.

Alirudi Tabora na uso umevimba, jicho moja limefumba. Safari hii karakana nzima ilicheka mbele yake, Mzee Mrisho akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mzee Leonardi mwenyewe alicheka, lakini kicheko chake kiliishia katikati. Mkewe alikuwa amekiona kiti kile kwa mbali, akamwambia kwamba kiti kimeshapata wenyewe, basi wakae wao, yeye atabaki nyumbani. Siku za nadhiri zilikuwa zimekaribia.

Mzee Mrisho alikuwa ameshadhoofika. Alinitazama, akasema, "Nenda wewe, Mwajuma. Wewe ni mwanamke, utamwona anavyokaa." Nikapakia vifaa kwenye kikapu, nikapanda treni.

Nyumba yao ilikuwa pembeni ya msitu. Mama Yusta alinipokea kwa salamu ya mwangaluka, nami nikajibu vilevile, na akafurahi kwamba mtu wa mjini anaitikia Kinyamwezi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali, na mbele yangu alikaa wima kabisa kwenye kiti cha wageni. Nilisema naenda kuliangalia gari. Kisha nikachungulia kutoka nyuma ya jiko. Aliinuka kwa fimbo, akaenda kwenye kitanda cha kamba kilichokuwa barazani, akajishusha taratibu kwenye kona moja ambayo kamba zake zilikuwa zimelegea. Akapumua. Uso wake ulibadilika kabisa.

Alipokwenda jikoni nilikikagua kitanda kile kwa mikono. Kamba za upande wa kushoto zilikuwa zimezama kwa umbo la nyonga yake, na mbele zilibaki zimekaza, zikibeba mapaja. Hakuna springi ya kiwandani ingefanya vile. Kipimo nilichokifuata kilikuwa kimeshapimwa kwa miaka na mwenye maumivu mwenyewe.

Tulianza na nyuki. Nilidhani Mzee Leonardi atawafukuza kwa moshi, lakini alikataa. Baba yake alimfundisha kwamba kundi lililokuja lenyewe halifukuzwi, na mkewe kwa mara ya kwanza alikuwa upande wake. Basi jioni, nyuki walipotulia, tulifungua bolti, tukakifunga kiti chote kwa gunia, na vijana wa kijiji wakakivuta kwa kamba mpaka kwenye panda ya mti. Kiti cha Pijo kikawa mzinga. Mimi nilisimama mbali kuliko heshima inavyoruhusu. Nilisikia baadaye kwamba kilitoa asali nzuri, na kwamba wageni walikuwa wakipelekwa kukiona.

Kwa hiyo tulibaki na gari lisilo na kiti cha nyuma, wala springi, wala chuma chake. Nilimwambia Mzee Leonardi kwamba vizuri, maana sivihitaji. Tulichonga fremu ya mninga iliyokaa sawasawa kwenye matundu ya bolti za zamani, miguu mifupi, mbele juu kidogo kuliko nyuma. Kisha nikamwambia tutaiwamba kwa kamba, kama kitanda. Kamba za katani zilikuwepo, lakini yeye alikuwa na kamba bora, za gome la myombo, zilezile anazovutia mizinga. Zinanyumbuka na hazichomi. Hapo na mimi nikajifunza kitu.

Aliniomba niwambe mimi, kwamba yeye ameshaharibu. Nilikataa. Nilimwambia nimekuja kufundisha, na kama angetaka kushonewa angesema tangu siku ile karakana. Kusema kweli vidole vyangu vilikuwa vinawasha kuishika kamba ile. Lakini nilikuwa nimemwona mama yule, na nilijua kwamba kiti nitakachokiwamba mimi atakisifu na hatakikalia.

Tuliweka fremu barazani. Leonardi akavuta kamba za kwanza, moja kwa moja, kisha za mshazari, akizipitisha juu na chini kama nilivyomwonyesha. Mkewe alikuwa anachambua maharage, hatazami. Alipofika upande wa kushoto, mzee alikaza kamba kwa nguvu zake zote.

"Hapo umekaza mno," Mama Yusta alisema, macho bado kwenye maharage.

Mzee akaacha. Akalegeza. Akamuuliza kama hivyo inatosha. Mama akaweka ungo chini, akaja na fimbo yake, akakaa juu ya fremu ile ambayo haijaisha, kamba zikalia. Akasogea kidogo, akakunja uso, akainuka. Akamwelekeza kwa fimbo: hapa legeza, hapa kaza, hapa acha pengo. Mzee alipiga magoti chini akifanya kila aliloambiwa. Hivyo hivyo mpaka jua likashuka, anakaa, anainuka, anaelekeza, na mimi nilikuwa nimeshikilia ncha ya kamba tu kama ndoano ya ukutani.

Mara moja fimbo ilitua mahali na haikuondoka. "Hapa," alisema, "ndipo chuma kiliponiingia."

Mzee Leonardi aliuweka mkono wake pale. "Nisamehe, Mama Yusta," alisema. "Sijawahi kukwambia. Nilikuwa nakimbizana na giza, na hatukuwa na haraka yoyote."

Mama Yusta alikaa tena juu ya kamba, akatikisa kiuno mara mbili, akasema sasa lete sufi. Nililia, nisiwafiche, nikasingizia vumbi la sufi lenyewe.

Zilizobaki zilikuwa kazi za kawaida na nitazitaja kwa faida yenu. Juu ya kamba tulitandika gunia lililofuliwa mara nyingi, tukalishona kwenye kamba kwa mshono mrefu ili lisitambae. Kisha makumbi membamba upande wa mapaja, sufi nyingi upande wa nyonga, na pengo likaachwa chini ya ule mfupa, pale mkono wa mzee ulipokuwa umewekwa. Kitambaa cha juu kilikuwa turubai, na juu yake kitenge alichokichagua Mama Yusta, cha kijani. Mgongo wa kiti ulijazwa kidogo tu, maana mtu mwenye nyonga mbovu akisukumwa mbele anateseka. Uzi wote tuliusugua sabuni ya mche. Nta niliificha kwenye kikapu changu.

Lakini kiti kilipofungwa garini, Mama Yusta alikitazama tu. Hakusema ataenda wala hataenda. Mzee aliogopa kumuuliza, na mimi treni yangu ilikuwa inafika. Nilirudi Tabora bila kujua.

Jumamosi ya nadhiri niliacha kiti cha watu kikiwa kimefumuliwa nusu uani, nikaenda kusimama nje ya kanisa. Sufi ilikuwa kichwani na sikuitoa. Watu walikuwa wakiingia, masista wamepanga mstari, na nikaonyeshwa Yusta miongoni mwa mabinti waliovaa nyeupe, akitazama barabara kila gari lilipopita. Nilianza kukata tamaa. Nilijiambia kwamba nilipaswa kuweka sufi zaidi, kisha nikajiambia nilipaswa kuweka pungufu.

Pijo iliingia taratibu mno, baiskeli zikiipita. Ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Mzee Leonardi, amevaa koti, alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma na kunyoosha mkono wa kumsaidia mkewe. Mama Yusta hakuushika. Alikuwa amekaa palepale kwenye kitenge chake cha kijani, fimbo mapajani, hasogei. Nilisukuma watu nikafika mlangoni, nikamuuliza, "Mama, kimekuumiza?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi. Kisha akamgeukia mumewe na kumuuliza kama misa imeanza. Mzee akasema bado, bado kidogo.

"Basi funga mlango," Mama Yusta alisema. "Tuzunguke mji kwanza."

Aliufunga. Alirudi kwenye usukani machozi yakimtiririka mbele za watu wote, gari likageuka, na nyuma ya kioo nikamwona mama yule ameegemea kama mwenye nyumba. Nami nilibaki pale, Mwislamu wa Mtendeni nje ya kanisa, nikimshika mkono kila aliyenipita na kumweleza kwamba kiti kile amekiwamba yule mzee mwenyewe, na kwamba aliyemfundisha ni mimi.